Jibu la Tunduma: Mwanafunzi wa Sanaa na Kazi za Waliomtangulia

Mhadhara kwa wanafunzi wa sanaa, walimu na wazazi, Tunduma, mkoani Songwe

  

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila mwalimu wa sanaa hukutana nalo. Mwanafunzi anayejifunza kuchora atazame kazi za wasanii wengine, au azikwepe asije akapotea ndani yake? Na akizitazama, achukue nini na aache nini? Wazazi nao huliuliza kwa namna yao: huyu mtoto anayeshinda na simu akichora picha za watu wengine, anajifunza au anapoteza muda?

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnipime kwa huo. Mwanafunzi atazame. Atazame sana, tena anakili kwa mkono wake mwenyewe. Lakini katika kila kazi anayoitazama atafute uamuzi: msanii huyu alikuwa na tatizo gani mbele yake, na aliamuaje? Uamuzi huo ndio wa kuondoka nao. Umbo lililotokana nao abaki nalo aliyelizaa. Kisha mwanafunzi aupeleke uamuzi huo kwenye mambo anayoyajua yeye, kwenye foleni ya malori, kwenye kahawa ya Mbozi, kwenye msongamano wa mpakani, na hapo atoe jibu lake.

Mifano yangu mingi ni ya watu wa ukanda wetu huu, kwa sababu historia ya sanaa ya Afrika Mashariki ni historia ya watu waliotazamana.

Hofu ya Makerere

Tuanze na hofu ya kuiga, maana ina sababu zake. Mwaka 1937 Mwingereza Margaret Trowell alianzisha masomo ya sanaa Makerere, Kampala, na kutoka hapo kikatokea kizazi cha kwanza cha wachoraji wa Afrika Mashariki waliosomea sanaa chuoni. Trowell aliogopa kwamba mwanafunzi akionyeshwa michoro ya Ulaya mapema, ataanza kuiabudu na kuirudia. Kwa hiyo alipenda kuwasimulia wanafunzi tukio, kisa cha Biblia au jambo la kijijini, kisha akawaacha wachore walichokiona kichwani. Cecil Todd aliposhika nafasi yake mwaka 1958, mkondo ukageuka: historia ya sanaa ya dunia ikaingia darasani, na nadharia za rangi pia. Chuo kimoja, walimu wawili, majibu mawili kwa swali hilihili la leo.

Ng'ambo ya Zambia, katika mji ambao leo unaitwa Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mwaka 1946. Naye hakutaka wanafunzi wake waige Ulaya, wala hakutaka waigane wenyewe kwa wenyewe. Katika ukumbi mmoja wakakaa Bela, aliyechora kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga, aliyejenga picha kwa mistari mifupi mifupi, na Pilipili Mulongoy, aliyejulikana kwa ndege, samaki na majani yake. Watatu hao walichora siku kwa siku wakiwa wanaonana, na bado ukizoea kazi zao humchanganyi mmoja na mwingine.

Na hapa kwetu yuko Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, mwanafunzi wa Makerere, aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Njau alikuwa mkali kuliko wote. Alifundisha kwamba anayenakili anamlaza Mungu usingizi, maana Muumba hakumpa binadamu mikono ili arudie kilichokwisha kuumbwa. Walimu wengi wa sanaa Afrika Mashariki wamelikariri agizo hilo, na mwanafunzi akilisikia juu juu anaweza kudhani ameamriwa afumbe macho.

Basi na tumtazame Njau mwenyewe akiwa kazini. Mwaka 1959, katika kanisa la kumbukumbu ya mashahidi huko Murang'a, Kenya, alichora kutani picha kubwa tano za maisha ya Yesu: kuzaliwa, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Mambo hayo matano hakuyabuni yeye. Wachoraji wa makanisa wameyachora kwa karne nyingi, na mtu aliyesoma Makerere alijua hivyo. Alichofanya Njau ni kuyaleta nchi ya Wakikuyu. Yesu ni Mwafrika. Milima ni ya pale, nyumba ni za pale, na waliosimama kando ni watu ambao waumini wa Murang'a wangeweza kuwatambua, waumini waliokuwa wamepitia miaka ya mauaji na hali ya hatari chini ya wakoloni. Kwa mkulima aliyeingia kanisani humo, habari ya msalaba haikuwa ya nchi ya mbali tena.

Njau hakunakili, lakini alijibu. Alipokea swali kutoka kwa wachoraji waliomtangulia, swali la jinsi ya kumwonyesha Mungu anayeteseka pamoja na watu, akalijibu kwa macho ya mahali alipokuwa. Kwa hiyo mimi naliona agizo lake kuwa onyo dhidi ya uvivu wa jicho. Anayenakili bila kuuliza amelala. Anayetazama ili ajibu yu macho kuliko wote.

Sisi watumiaji wa Kiswahili tunapaswa kulielewa jambo hili kwa urahisi, kwa sababu ushairi wetu umelifanya tangu zamani. Mapema karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alilumbana kwa mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu. Katika malumbano, mshairi wa pili huingia katika bahari ya wa kwanza, hupokea hoja yake, mara nyingine hata vina vyake, na hakuna anayesema ameiba. Hupimwa kwa uzito wa jibu. Naomba mchoraji naye tumpime hivyo.

Mraba wa futi mbili

Sasa tukaribie kazi moja tuione ilivyofanywa. Nachagua ya Edward Saidi Tingatinga kwa sababu kila mtu anadhani anaijua.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Alipita kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akafika Dar es Salaam, akafanya kazi za hapa na pale, mojawapo katika hospitali ya Muhimbili. Alianza kuchora na kuuza picha mnamo mwaka 1968, na mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Ni kama miaka minne tu ya kazi. Katika miaka hiyo minne alianzisha mtindo uliobeba jina lake hadi nje ya Afrika.

Wanaofuatilia historia yake wanataja jambo moja linalotuhusu sana: katika miaka ya 1960 Dar es Salaam ilikuwa na picha za wachoraji kutoka Kongo zilizouzwa mitaani, na Tingatinga alikuwa miongoni mwa waliozitazama. Aliona kwamba mtu asiye na chuo anaweza kuchora, akauza, akala. Ona alichokichukua na alichokiacha: alichukua ujasiri wa kushika brashi na wazo la kuuza mtaani, akarudi na wanyama na ndege wa kwake.

Tazameni maamuzi yake. Alichorea hadibodi, na ubao wake mara nyingi ulikuwa mraba wa sentimita 60 hivi kila upande. Kwa nini mraba huo? Chukua hadibodi ya futi 4 kwa 8 kama inavyouzwa dukani, ikate kwa miraba ya futi 2. Unapata vipande vinane na hakuna hata kipande cha kutupa. Mtu mwenye fedha ya ubao mmoja amepata picha nane. Tena picha ya futi mbili inabebeka kwapani, na wateja wake wengi walikuwa wageni wa maeneo ya Oysterbay, watu ambao siku moja wangepanda ndege kurudi kwao.

Rangi yake ilikuwa ile ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Ilikuwa rahisi kupatikana, ilistahimili jua na vidole vya wateja. Rangi hiyo inapendeza ikilazwa bapa, rangi kando ya rangi, kila moja na mpaka wake. Basi Tingatinga akalaza rangi moja ya chini, akaweka mnyama mmoja mkubwa anayejaza ubao, chui, tembo, ndege, kisha akamaliza kwa mistari na nukta. Mteja aliyepita kwa gari aliiona picha akiwa bado mbali.

Hiki ndicho ninachokiita uamuzi. Mraba ulitokana na bei ya ubao. Rangi bapa ilitokana na kopo la rangi. Mnyama mmoja alitokana na udogo wa mraba na jicho la mpita njia. Mwanafunzi anayechora chui wa Tingatinga bila kuyajua haya amechukua ngozi ya chui. Anayeyajua ameondoka na njia ya kufikiri ambayo inaweza kumhudumia hata kama maisha yake yote hatachora mnyama.

Waliokaa karibu na Tingatinga walijifunza kwa kumtazama na kumfuata: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde. Mwanzoni walichora kama yeye, na hilo halikuwa aibu. Ndivyo fundi anavyomlea fundi. Alipokufa waliendelea, wakalea wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Ndani ya shule hiyo moja wakatokea watu waliojibu kwa sauti zao. David Mzuguno alijaza ubao wote kwa msitu, majani juu ya majani, ndege ndani ya majani, hata jicho likakosa pa kupumzika. Mohamed Charinda aliingiza visa, watu, kijiji na yaliyopita, ubao ukawa hadithi. Wote wawili walianzia katika mtindo mmoja, lakini mwishoni hawakufanana na mwanzilishi wake.

Lakini tuseme pia upande wa pili. Nenda kwenye maduka ya zawadi za watalii uone twiga walewale, jua lilelile la machungwa, mti uleule, ubao baada ya ubao. Aliyechora ana mkono mwepesi, pengine mwepesi kuliko wa Tingatinga. Kilichokosekana ni swali. Picha hizo zinamjibu mnunuzi tu, na mnunuzi ameshajibiwa mara elfu.

Waliohamisha, na waliobaki na kwao

Wapo waliochukua kitu katika sanaa moja wakakipeleka katika nyingine. Wamakonde wengi walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakaja kuchonga mpingo kwetu. Katika miaka ya mwisho ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa mashetani, alianza kutoa maumbo yasiyofuata mwili wa kawaida wa binadamu: jicho moja, mdomo uliopinda, kiungo kinachotokea pasipotarajiwa. Wachongaji wengine wakaupokea mtindo huo na kuukuza.

George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 wilayani Masasi, alikuwa mchongaji wa ukoo huo wa mashetani. Alipofika Dar es Salaam na kuingia Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, alikuta karatasi, wino, rangi na vitambaa vya batiki. Akayatoa mashetani ndani ya mpingo. Kwenye karatasi na ubao yakapata kitu ambacho gogo jeusi haliwezi kuyapa, rangi, na yakapata wenzao: yanacheza, yanagombana, yanapiga soga, yanaishi kijijini. Mstari wa Lilanga ni wa mtu aliyezoea patasi. Unazunguka umbo kana kwamba bado anakwepa ufa wa mti. Aliwapokea waliomtangulia na hakuwaficha, ila aliwauliza swali ambalo hawakuwahi kuulizwa: na huku kwenye rangi mtakuwaje?

Kwa wanaoogopa kwamba kuona mengi kunamfuta mtu, namtaja Sam Ntiro. Alizaliwa mwaka 1923 Kilimanjaro, akasoma kwa Trowell Makerere, kisha akaenda Slade, shule ya sanaa ya London, katika miaka ya 1950. Huko aliweza kuona mengi ya Ulaya kwa macho yake. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, likainunua picha hiyo. Alikuja kuwa mwakilishi wa Tanganyika huko London baada ya uhuru. Pamoja na safari hizo zote, Ntiro aliendelea kuchora watu wa mlimani wakifanya kazi kwa pamoja, wakilima, wakivuna, wakibeba. Watu wake ni wadogo katikati ya miti na vilima, na hakuna anayejitokeza kuwa shujaa. Huo ni uamuzi mzito. Kwake mwenye picha ni jamii, na ardhi inayoibeba.

Wala mipaka isitufunge. Reli ya TAZARA inayopita hapa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita pia Serenje, alikozaliwa Henry Tayali mwaka 1943. Tayali alisoma Makerere, kisha Düsseldorf nchini Ujerumani, akawa mmoja wa wachoraji wakubwa wa Zambia. Alijulikana kwa kuchora umati: watu wa kawaida waliobanana, wenye kazi, wenye mizigo, wenye kungoja. Kijana wa Tunduma anayetafuta mwalimu wa kumwonyesha jinsi ya kuchora umati hana haja ya kwenda mbali. Mwalimu huyo ni jirani yetu wa reli.

Namna ya kutazama

Tunduma iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na makumbusho makubwa yako huko. Najua wanafunzi wengi hapa huziona picha za wasanii kwenye simu au kwenye kitabu kilichochakaa. Hilo si kizuizi, lakini linahitaji nidhamu.

Kwenye simu picha zote zinalingana. Ya ukuta mzima na ya kiganja zinakaa kwenye kioo kilekile. Kwa hiyo kila unapoona picha unayoipenda, tafuta vipimo vyake, kisha chukua chaki uchore mpaka wake ukutani au sakafuni. Mraba wa sentimita 60 uchore ubaoni darasani. Simama mbele yake. Fikiri chui anaujaza. Utaelewa kwa mwili wako jambo ambalo kioo cha simu hakikukuambia. Na rangi za simu usiziamini sana. Hubadilika kwa kila simu na kwa kila mwanga.

Kisha chora nakala ndogo kwa penseli, isiyozidi kiganja. Usihangaike na urembo. Tafuta sehemu yenye giza kubwa kuliko zote iko wapi, na sehemu yenye mwanga iko wapi. Hesabu rangi, utashangaa ni chache kiasi gani. Jiulize jicho lako limeingilia wapi na limetokea wapi. Jiulize msanii ameacha nini. Kwa mwanafunzi swali hili la mwisho ndilo kubwa: Tingatinga aliacha mandhari, Ntiro aliacha sura za watu binafsi. Kila kilichoachwa kimetoa nafasi kwa kilichobaki.

Chini ya nakala andika jina la msanii, jina la kazi, mwaka kama unajulikana. Halafu funika kitabu, zima simu, uichore tena kwa kumbukumbu. Kitakachotoka ndicho ulichokielewa. Kisichotoka ulikuwa umekiona tu. Kesho yake toka nje na daftari hilohilo.

Songwe ilivyo mbele yetu

Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2016 ukitokea Mbeya, na bado unajitafutia sura yake. Wachoraji wana nafasi ya kuitoa. Nawapa mazoezi matatu.

La kwanza, chukueni uamuzi wa Tingatinga mkaupeleke kwenye foleni. Malori yanayobeba shaba kutoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, na yale yanayopeleka mafuta na bidhaa huko, yote yanapita hapa. Chora lori moja, mraba mmoja, rangi moja ya chini. Lijaze ubao kama alivyomjaza tembo. Lina macho, lina pua, lina tumbo, lina maandishi mgongoni na turubai lililofungwa kwa kamba. Miaka yote tumeliona lori kama kero ya barabara. Litazameni kama kiumbe kilichochoka ambacho kimetoka mbali.

La pili, chukueni uamuzi wa Ntiro mwende nao Mbozi wakati wa mavuno ya kahawa. Kuna wanaochuma, wanaobeba, wanaokagua kahawa iliyoanikwa vichanjani na kutoa punje mbovu. Msichague mtu mmoja mzuri mkamkuza. Wachoreni wote wakiwa wadogo, shamba likiwa kubwa, vilima vikiwa nyuma. Muone kama picha itasema kitu ambacho picha ya simu ya mvunaji mmoja anayetabasamu haiwezi kusema.

La tatu, chukueni umati wa Tayali mwende nao mpakani. Tangu mwaka 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha forodha, lakini binadamu bado ni wengi: wenye mabeseni kichwani, wasukuma mikokoteni, wabadilishaji wa kwacha na shilingi, madereva wanaosinzia. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, lugha moja, nchi mbili. Mchoraji anayeweza kuonyesha umati ambao nusu yake ni ndugu wa nusu ya pili atakuwa amesema jambo ambalo wachoraji wa miji mingine hawana namna ya kulisema.

Na msidhani walimu wenu ni wale wa vitabuni tu. Mchora mabango wa mtaani anayeandika jina la duka bila kurudia herufi ni mwalimu. Mchoro wa vichwa kwenye mlango wa kinyozi ni somo la kurahisisha umbo. Vitenge vinavyovuka mpaka kila siku ni somo la jinsi pambo moja linavyorudiwa bila kuchosha. Akina mama wa Kikisi, jirani zetu wa Kyela kando ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu vinavyouzwa soko la Matema na kusambaa mikoani. Binti hujifunza kwa kukaa karibu na mikono ya mamaye. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nendeni kwa waundaji muwaulize.

Kipo pia Kimondo cha Mbozi, chuma kutoka angani chenye urefu unaokaribia mita 3, ambacho wenyeji walikijua kabla ya wageni kukiandika mwaka 1930. Kichoreni, lakini msiishie kwenye umbo lake. Jiulizeni Lilanga angekikuta angesikia nini ndani yake, kisha semeni mnachosikia nyinyi.

Jina na haki

Nisipolisema hili nitakuwa nimewapotosha. Nakala ya daftarini ni mazoezi, na haina deni. Nakala unayoiuza kwa jina lako ni jambo lingine. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na iko COSOTA inayosimamia haki hizo. Sheria hulinda kazi iliyokwisha kupewa umbo. Wazo na njia ya kufikiri havina mwenyewe. Mtaona kwamba sheria na sanaa hapa zinakubaliana: umbo la mtu mwachie, njia yake ya kufikiri jifunze.

Zaidi ya sheria kuna adabu. Ukijibu kazi ya mtu, mtaje. Andika nyuma ya ubao kwamba kazi hii imetokana na kumtazama fulani. Msanii anayewataja walimu wake hapungukiwi kitu, na mtazamaji anapata mlango wa kuingilia katika kazi yake.

Kwa walimu, wazazi na wanafunzi

Walimu wenzangu, mwanafunzi akileta nakala msimfokee, wala msimpe alama kwa wepesi wa mkono tu. Mwulizeni: jibu lako liko wapi? Mkimuuliza hivyo kila wiki ataanza kujiuliza mwenyewe kabla hajafika kwenu. Bandikeni ukutani kazi yake na ya aliyemjibu, majina yote mawili, ili darasa zima lione kilichosafiri na kilichobadilika.

Wazazi, mtoto anayenakili picha kwa saa mbili hajakaa bure. Anafanya kile kilichofanywa na vijana waliojifunza pembeni ya Tingatinga. Mnunulieni daftari na penseli laini, na siku moja moja mwacheni aende sokoni kuchora badala ya kununua.

Na nyinyi wanafunzi, msiwaogope wakubwa. Kila niliyemtaja leo alimtazama mtu kabla yake, na kila mmoja aliacha kitu ambacho hakikuwepo kabla hajafika. Tingatinga alikuwa na miaka minne, kopo la rangi ya baiskeli na kipande cha hadibodi. Nyinyi mna hayo yote, mna walimu, na mna mji ambao nusu ya bara inapita mbele ya mlango wake. Anayekuja baada yenu, hapa Tunduma, Vwawa, Ileje, atatafuta kazi za kutazama ili naye ajifunze. Ni juu yenu azikute zilizochorwa hapa, na watu wa hapa, zenye majina yenu nyuma.